Nana Asmau binti Shehu, Mama wa Sokoto

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia jina la Shehu Uthman dan Fodio, mwanachuoni wa Kifulani aliyesimamisha dola ya Kiislamu katika nchi ya Wahausa, ambayo leo ni kaskazini ya Nigeria. Jina lake limo katika vitabu vya tarikh vinavyosomeshwa skuli, na khabari za vita vyake na wafalme wa Gobir zimeandikwa mara nyingi. Lakini ukimuuliza hata msomaji mzuri wa mji wetu akutajie binti wa Shehu huyo, aghlabu atanyamaza. Na huyo binti, Nana Asmau, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye aliyeifikisha elimu ya baba yake pahala ambapo wanaume wenye vilemba hawakuweza kuifikisha: majikoni, penye vinu na mawe ya kusagia, na katika vijiji vya mbali ambavyo mwanamke wake hakupata kukaa mbele ya mwalimu hata siku moja. Huko kwao hakuna asiyemjua. Skuli za wasichana zimeitwa kwa jina lake, na kina mama humtaja kama mtu amtajavyo bibi yake mzaa mama.

Alizaliwa mwaka wa 1793 katika kijiji cha Degel, katika nchi ya Gobir, akiwa pacha. Mama yake ni Bibi Maimuna, mmoja wa wake wa Shehu. Ada ya watu wa nchi ile ni kuwa pacha wa kiume na wa kike huitwa Hassan na Husaina, basi mtoto wa kiume akaitwa Hassan kama ilivyotarajiwa; lakini yule wa kike Shehu hakumwita Husaina, bali alimpa jina la Asmau, jina la binti wa Sayyidna Abubakar aliyekuwa akimpelekea chakula Mtume (S.A.W.) na baba yake walipojificha katika pango wakati wa Hijra. Watu wa Sokoto huieleza khabari hii kwa furaha, wakaona kuwa mzee yule alimtambua mwanawe tangu yu katika nepi. Sisi tunasema kwamba mambo ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu. Yatosha kwetu kujua kuwa jina lilichaguliwa kwa kusudi, na mwenye jina akalitimiza.

Nyumba aliyolelewa ilikuwa ni nyumba ya vitabu. Baba yake alisomesha, ami yake Abdullahi alisomesha, na kaka yake Muhammad Bello, aliyemzidi kwa miaka kiasi cha kumi na miwili, aliandika vitabu vingi mpaka mtu hushangaa alipata wapi wakati na hali alikuwa amiri wa jeshi. Wanawake wa nyumba ile hawakuachwa nyuma. Dada yake Khadija alikifasiri kwa Kifulani kitabu cha Mukhtasar cha Khalil, ambacho ni nguzo ya fiqhi ya madhhabi ya Malik, na kila aliyekifungua kitabu kile anajua kuwa si kitabu cha mchezo. Maneno yake yamebanwa mpaka wanafunzi wakubwa hukitokea jasho. Asmau alihifadhi Qur'ani, akasoma fiqhi, tauhidi na nahau, akazijua lugha nne: Kiarabu, Kifulani cha kwao, Kihausa cha watu wa nchi, na Kituareg cha watu wa jangwani.

Wala haikuwa bahati tu kwamba mabanati wa Shehu walisoma. Ilikuwa ni rai yake, na aliipigania. Aliwaandika kwa ukali wanavyuoni wa zama zake waliokuwa wakijaza mabaraza yao kwa wanafunzi mchana na usiku, na hali wake zao na binti zao na watumwa wao ndani hawajui hata masharti ya udhu. Aliwaambia kuwa hilo ni dhambi juu yao. Na wanawake aliwaambia wasidanganyike na wanaume wanaowafundisha taa ya mume tu bila ya kuwafundisha kumjua Mola wao, kwani wanaume hao wanajitafutia raha yao wenyewe. Maneno haya yaliandikwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na mwandishi wake si mtu aliyesoma Ulaya. Nayataja kwa kuwa bado wako katika miji yetu wanaodhani kuwa kumsomesha mwanamke dini kwa kina ni uzushi ulioletwa na skuli za serikali.

Mwaka wa 1804, Asmau yu kiasi cha miaka kumi, uadui baina ya Shehu na Yunfa mfalme wa Gobir ulifika ukomo, na jamaa nzima ikahama Degel ikaenda Gudu. Ndiyo Hijra yao. Vitabu vilipakiwa juu ya ngamia, na watoto na wanawake wengi walikwenda kwa miguu. Kisha vikafuata vita vya miaka minne, jamaa ikihama kambi hata kambi, mara kwa ushindi na mara kwa msiba. Msiba mkubwa ulikuwa Tsuntsua, katika mwezi wa Ramadhani mwaka huo huo wa 1804. Bello aliyeandika tarikh ya vita hivyo anasema walikufa watu wapatao 2,000, na katika hao 200 walikuwa wameihifadhi Qur'ani. Hebu na tuifikiri hesabu hiyo. Mahafidhi mia mbili katika siku moja! Kila mmoja alikuwa ni chuo kilichofungwa. Naona mimi kuwa mtoto aliyeyaona mambo hayo hakuweza tena kuidhani elimu kuwa ni pambo la kuwekwa sandukuni. Aliona jinsi inavyoweza kutoweka kwa pigo moja ikiwa imekaa katika vifua vya watu wa namna moja tu.

Karibu na mwaka wa 1807 aliozwa Gidado dan Laima, rafiki mkubwa wa Bello. Mwaka wa 1808 mji wa Alkalawa, makao makuu ya Gobir, ukaanguka, na mwaka wa 1809 Bello akaujenga Sokoto. Shehu alipofariki mwaka wa 1817, Bello alishika ukhalifa na Gidado akawa waziri wake. Basi Asmau akawa binti wa Shehu, dada wa Khalifa, na mke wa Waziri, na mwanamke wa namna hiyo angaliweza kukaa juu ya zulia akapepewa mpaka mwisho wa umri wake wala asilaumiwe na mtu.

Hakufanya hivyo. Nyumba ya Gidado ilikuwa kubwa, ina wake wengine, wana, wageni wasiokatika, mayatima wa vita na wajane. Wala hatufichi kwamba ilikuwa na watumwa, kama zilivyokuwa nyumba za wakubwa wa zama zile huko na hapa kwetu pwani. Katika nyumba hiyo Asmau ndiye aliyepanga chakula cha mamia, nafaka na pamba ya kusokota, harusi na matanga. Na katika nyumba hiyo hiyo, baina ya kazi moja na nyingine, alisomesha na kuandika. Mumewe hakumzuia, bali alishirikiana naye. Bello alipofariki mwaka wa 1837, mke na mume walikaa pamoja kuzikusanya na kuzitengeneza karatasi za marehemu na khabari za Shehu ili zisipotee. Mara ngapi tumeona kwetu mwanachuoni akizikwa, na baada ya arubaini vitabu vyake vikaliwa na mchwa, na karatasi zake zikafungiwa karanga.

Sasa tuje katika jambo lililomfanya Asmau awe mama wa watu wasiokuwa wa damu yake. Vita vilipokwisha, nchi ile ilijaa wanawake wa Kihausa waliotoka katika miji iliyoshindwa. Wengine walikuwa mateka, wengine wamefiwa na waume na wana. Walisilimu au waliitwa Waislamu, lakini wengi wao hawakujua katika Uislamu ila jina. Mtoto akiugua, walikwenda kwenye bori, nao ni uganga wa kupunga mashetani kwa ngoma. Na huko Gobir wanawake wa bori walikuwa na mkubwa wao mwenye cheo, aitwaye Inna. Kwa nini wasiende? Inna aliwasikiliza, akawapa dawa na mahala pa kulia. Mwanachuoni aliwapa fatwa tu, nayo kwa lugha wasiyoifahamu, kutoka upande wa pili wa ukuta.

Asmau aliliona jambo hili kwa jicho ambalo wanaume hawakuwa nalo. Hakuanza kwa kuwatukana. Aliwachagua katika vijiji wanawake wenye akili na heshima, kila kijiji mmoja, akamwita jaji, yaani kiongozi wa msafara, akamvika kofia kubwa pana iliyosukwa kwa majani, ambayo wao huiita malfa, na juu yake akaifunga kitambaa chekundu kwa mkono wake mwenyewe. Kofia kama hiyo ilikuwa ni alama ya cheo cha Inna. Akaichukua ile alama waliyoizoea kuiheshimu, akaitia maana mpya, na mwanamke aliyeivaa kijijini kwake akajulikana kuwa ni mwalimu wa dini aliyetumwa na binti wa Shehu. Baadhi ya watu wetu wakali wangaliipiga marufuku kofia ile tangu mwanzo. Naona Asmau alikuwa na fiqhi zaidi yao, kwa kuwa kofia si ibada. Ibada ni ile iliyokuwa ikifanywa chini yake, na hiyo ndiyo aliyoiondoa.

Jaji hukusanya wanawake wa kijiji chake, wengi wao wazee waliokwisha kuzaa na wasichana wasiokuwa bado wameolewa, kwa kuwa hao ndio wanaoweza kutoka bila ya kuharibu nyumba zao. Hufunga safari pamoja mpaka Sokoto, wamebeba zawadi za nafaka, samli, pamba na kadhalika. Zawadi hizo Asmau alizigawa kwa wenye haja. Wakifika hukaa kwake, humwuliza masuala ambayo mwanamke hawezi kumwuliza mwanamume: ya hedhi, ya nifasi, ya unyumba, ya mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina. Humweleza dhiki zao, naye huwapatanisha na kuwashauri. Kisha huwafundisha, na wanarudi makwao wakiwa na kitu kipya cha kuwafundisha wale waliobaki. Watu hawa waliitwa 'Yan Taru, maana yake ni wanaokusanyika pamoja. Hapakuwa na jengo wala mishahara, na kwa hivyo hapakuwa na kitu cha kufungwa.

Na wengi katika wanawake hao hawakujua kusoma. Basi aliwafundishaje? Aliwafundisha kwa mashairi. Asmau ameacha tungo zipatazo sitini zinazojulikana mpaka leo, kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa, na zile za Kifulani na Kihausa aliziandika kwa khati ya Kiarabu kama walivyoandika wazee wetu tenzi za Kiswahili. Katika hizo kuna moja inayotaja majina ya sura zote 114 za Qur'ani kwa utaratibu wa kuombea dua, mpaka bibi kizee aliyekuwa akitwanga mtama aliweza kuzitaja sura zote pasi na kufungua msahafu. Aliitunga kwa Kifulani, na kwa Kihausa, na kwa Kiarabu, ili asibaki mtu. Nyingine ni za masharti ya sala na zaka, nyingine za kukhofisha na moto, nyingine za sira ya Mtume (S.A.W.) na tarikh ya Shehu. Kiarabu alikitumia kwa wanavyuoni, na alikiweza hasa: mwanachuoni mmoja wa Shinqit, katika nchi ya Mauritania, alipopita Sokoto, Asmau alimwandikia qasida ya kumkaribisha. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni ya lugha za jikoni. Isa, ndugu yake mdogo aliyezaliwa mwaka ule ule aliokufa Shehu, alizoea kuzichukua tungo za dada yake za Kifulani akazitia katika Kihausa.

Hapa kwetu, katika miaka ile ile, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake utenzi mwaka wa 1858. Wawili hao hawakujuana, na baina yao pana bara zima. Lakini kila mmoja aliiona njia ile ile, kwamba maneno ya mama yakitiwa vina hayasahauliki. Tofauti yao ni kuwa wa Pate alimwambia binti mmoja, ingawa wamesikia wengi, na wa Sokoto alikusudia nchi nzima. Na kwetu waliopita walikuwa wakisema kuwa mwanamke akijua kuandika ataandika barua za mapenzi! Mashairi ya mabibi hawa wawili ni jawabu tosha kwa kauli hiyo, nasi hatuna haja ya kuiongeza.

Katika tungo zake kuna tungo moja, ya mwaka wa 1837, aliyowataja wanawake wema, tangu wake za Mtume (S.A.W.) mpaka mabibi wa Kisufi na wanawake wa jamaa ya Shehu. Asili yake ni kitabu cha Bello, naye akakitia katika lugha za watu. Ndani yake mna tawassuli, jambo ambalo jamaa zetu wana maneno juu yake, na mimi mwenyewe nina rai yangu niliyokwisha kuieleza katika darsa. Hapa sipo mahala pake. Lililo muhimu ni kuwa alimfanya mwanamke wa kijijini ajione kuwa ana safu ndefu ya mama nyuma yake, wote ni watu wa elimu na ibada, na ya kwamba hakuzaliwa katika dini ya wanaume akiwa mgeni.

Lakini mimi zilizonigusa zaidi ni marthia zake, yaani tungo za kuwalilia wafu. Wakubwa aliwalilia, hilo ni la kawaida: baba yake, Bello, mumewe. Washairi wote huwalilia wakubwa. Asmau aliwalilia pia watu ambao hapana mshairi angalipoteza wino juu yao. Alimtungia marthia jirani yake Halima, mwanamke wa kawaida, akamsifu kwa subira yake na kwa jinsi alivyoishi vyema na majirani. Alimtungia Zaharatu, aliyekuwa akiwafundisha wanawake dini, akiwasaidia katika uzazi na akiwaosha maiti. Nani kwetu aliyepata kuandikiwa mistari miwili kwa kuosha maiti? Na hali sote tutapita katika mikono hiyo.

Mwaka wa 1855 alifariki Aisha, aliyekuwa mke wa Bello, na rafiki yake Asmau tangu utotoni. Asmau alikuwa amekwisha kupita miaka sitini. Alimlilia kwa marthia mbili za Kiarabu, na ndani yake haonekani tena yule mwalimu wa nchi; anaonekana mwanamke mzee aliyebaki peke yake, anayesema kuwa huzuni haimwachi na kuwa hapana atakayechukua mahala pa mwenzake, aliyekuwa mtunza siri zake. Kuna watu wanaodhani kuwa mtu wa dini hatakiwi kuonyesha huzuni. Mtume (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim.

Gidado aliacha uwaziri mwaka wa 1842, na cheo kikashikwa na mwanawe Asmau, Abdulkadir, mpaka mwaka wa 1859. Kisha akakishika mjukuu wake Ibrahim Khalilu, na baadaye mwanawe mwingine, Abdullahi Bayero. Asmau aliishi zaidi ya miaka kumi baada ya mumewe. Makhalifa waliokuja walikuwa ni ndugu na wana wa ndugu. Watu walikwisha kumpa jina la Uwar Gari, yaani mama wa mji. Hakuacha kupokea misafara ya wanawake.

Alifariki mwaka wa 1864, umri wake ukiwa kiasi cha miaka sabini na moja, na kaburi lake liko Sokoto, karibu na la baba yake. Waingereza walipouteka mji ule mwaka wa 1903, dola ilivunjika, lakini karatasi zake zilibaki kwa jamaa. Waziri Junaidu, aliyezaliwa mwaka wa 1906 na kufariki mwaka wa 1997, katika kizazi cha Gidado, alizihifadhi nyumbani kwake. Alizifungua mbele ya Jean Boyd, bibi wa Kiingereza aliyekaa miaka mingi katika nchi ile; huyo akaandika maisha ya Asmau, kitabu kilichotoka mwaka wa 1989, na mwaka wa 1997 akachapisha, yeye na mwenzake wa Kimarekani Beverly Mack, tungo zote zilizopatikana. Tunawashukuru kwa kazi yao. Ila inauma kuwa mimi niliyemaliza vitabu vyote vilivyosomeshwa katika halka yetu sikumkuta Asmau katika hata kimoja, nikaja kumjua kwa kalamu ya wageni.

Aliyerithi kazi yake si mwanamume. Ni dada yake Maryam, aliyekuwa ameolewa Kano na Amiri Ibrahim Dabo, akarudi Sokoto baada ya kufiwa na mume. Maryam alikaa pale pale alipokuwa akikaa Asmau, akawapokea majaji na kuwafunga kile kitambaa chekundu, na baada yake wakaja wengine. Mpaka katika zama zetu hizi misafara haijakatika: wanawake wa vijijini huingia Sokoto wakiwa nyuma ya kiongozi wao, wakisoma kwa sauti moja tungo za Nana Asmau walizozipokea kwa mama zao.